Bia iliyozeeka kabla ya siku zake: kisa cha stoo moja ya Tororo

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya Tororo, upande wa barabara ya kwenda Malaba. Mwenye nyumba ni wakala wa forodha mpakani, mtu wa makamo na mpenzi wa bia wa kweli: huinusa kabla ya kuinywa, husoma lebo yote, huuliza kimea gani kimetumika. Alikuwa amekusanya bia za kraft, yaani za viwanda vidogo, taratibu, nyingine za Kampala, nyingine za Nairobi, nyingine zimeletwa na shemeji yake anayeishi Brussels, akaziweka stooni zikomae. Nia yake ilikuwa kuzifungua siku ya kumtambulisha mchumba wa binti yake. Siku ikafika, wakwe wakaketi, chupa zikafunguliwa, na nyingi hazikunyweka. Wageni waliishia kunywa soda na Nile Special zilizochukuliwa haraka dukani kwa jirani.

Aliponipigia simu kesho yake alikuwa na hukumu tayari. "Mdogo wangu, hawa watu wa viwanda vidogo wanatuuzia mabaki. Njoo uonje mwenyewe. Mimi nataka warudishe pesa yangu yote."

Mimi natengeneza bia katika kiwanda kidogo, siyo hicho alichokuwa akikilalamikia, na malalamiko ya namna hii huwa nayachukua kwa uzito kwa sababu mara nyingi ni ya haki. Nilimwomba kitu kimoja tu: asimwage wala kuhamisha chochote mpaka nifike. Ukitaka kujua bia imeharibikia wapi, mahali ilipokaa ni nusu ya ushahidi.

Zilikokaa

Stoo yenyewe ni chumba kidogo kilichoongezwa nyuma ya nyumba. Juu ni mabati matupu, hakuna dari. Ukuta mmoja unatazama magharibi. Ukuta wa pili unapakana na jiko la nje ambako sigiri huwashwa asubuhi na jioni. Hilo la sigiri sikuligundua mimi. Mke wake ndiye aliyenishika mkono akauweka ukutani saa kumi na moja jioni, maharage yakiwa yanachemka upande wa pili. "Pasikie hapa, baba. Mimi hata mchele wangu siuweki humu, wadudu wanapenda joto." Ukuta ulikuwa na joto la kuhisika kabisa kiganjani.

Humo mlikuwa na katoni mbili za IPA ya Kampala (bia chungu yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizonunuliwa siku moja, katoni ya stauti, bia nyeusi nzito, ya asilimia 10 kutoka Nairobi, na chupa za Ubelgiji: Orval kadhaa, Chimay ya lebo ya buluu, na Rochefort 10. Chupa zote za Ubelgiji na za stauti zilikuwa zimelazwa ubavu kama mvinyo. Kando yake kulikuwa na chupa za bia iliyotengenezwa nyumbani na rafiki yake wa Mbale, na moja ilikuwa imepasuka yenyewe usiku fulani. Sebuleni, ndani ya kabati la vioo linalotazamana na dirisha, kulikuwa na lager za chupa za kijani alizozipanga kwa urembo. Na katika friji, droo ya chini kabisa, nyuma ya sukuma wiki, kulikuwa na chupa tatu za IPA ileile ya Kampala. Mama mwenye nyumba alizichukua mapema kwa ajili ya kulainishia nyama, akazisahau.

Chupa hizo tatu ndizo zilizoamua kesi. Zilitoka katika katoni zilezile na zilikuwa na tarehe ileile ya kutengenezwa iliyochapishwa shingoni. Kilichozitofautisha na nyingine ni mahali tu.

Nilimimina IPA ya stooni kwenye glasi moja na ya friji kwenye glasi nyingine, tukaziweka juu ya karatasi nyeupe. Ya friji ilikuwa na rangi ya dhahabu, na harufu ya maganda ya chungwa na maembe mabichi ilifika puani kabla hujainama. Ya stooni ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Harufu ya hopsi ilikuwa imekwisha kabisa, na mahali pake pakaingia asali, tofi, na nyuma yake ile harufu ya boksi lililoloa maji. Uchungu ulibaki, lakini ulikuwa uchungu mkavu unaokwaruza ulimi na kukaa. Mzee alionja ya friji, akaonja ya stooni, akarudia ya friji. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Basi kiwanda hakina kosa."

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Bia yoyote inapofungwa kizibo hubaki na oksijeni kidogo shingoni na ndani ya kinywaji chenyewe. Oksijeni hiyo huanza kazi siku hiyohiyo: hula harufu ya hopsi kwanza, kisha hushika mafuta ya kimea na alkoholi na kuvigeuza kuwa vitu vingine. Kimojawapo, trans-2-nonenali, ndicho hasa kinacholeta ile harufu ya boksi, na ulimi wa binadamu hukitambua hata kikiwa kidogo mno. Viwanda vikubwa vina mashine za kujazia zinazoacha oksijeni ndogo sana. Viwanda vidogo, na chetu kimo, mara nyingi huacha zaidi ya hapo. Kwa hiyo bia ya kraft huingia dukani ikiwa na akiba ndogo ya uvumilivu, na kitu cha kwanza kinachoimaliza akiba hiyo ni joto.

Hesabu ya joto

Watengenezaji bia wana kanuni ya mkono inayoitwa 3-30-300. Inasema kwamba siku 3 katika nyuzi 32 za Selsiasi huizeesha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Siyo sheria ya maumbile. Kila bia ina tabia yake. Lakini imejengwa juu ya jambo la kweli la kikemia, kwamba mmenyuko wa aina hii huenda kasi zaidi kila joto linapopanda.

Niliacha kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini ndani ya stoo ile, na kingine kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba vya kulala. Nilipokuja kuvisoma, stoo ilikuwa imepanda hadi 34 alasiri na kushuka hadi 22 alfajiri. Ukumbi ulikuwa kati ya 23 na 25, usiku na mchana.

Sasa tuchukue kwa uangalifu. Tuseme kila siku stoo ilikaa kwenye nyuzi 32 kwa saa sita tu, tukayapuuza masaa mengine yote kana kwamba bia ilikuwa imelala. Siku 12 za namna hiyo ni saa 72, yaani siku 3 kamili. Katika wiki mbili pungufu IPA ile ilikuwa imemaliza siku 300 za friji. Na ilikaa humo karibu miezi minne. Ni kweli chupa huchelewa kupata joto la chumba, na katoni iliyojaa hukinga zile za katikati. Tuliona jambo hilo kwa macho: chupa za katikati ya katoni zilikuwa na rangi nyepesi kidogo kuliko zilizogusa ukuta wa sigiri. Lakini hata ukiikata hesabu hiyo katikati na kuikata tena, bado IPA ile ilikuwa imezeeka kwa miaka.

Hapa ndipo kwenye moyo wa kisa chote. Mzee alikuwa amesoma kuhusu bia za kukomaza. Alikuwa amesoma kuhusu Thomas Hardy's Ale, bia ya Uingereza ya karibu asilimia 12 iliyotengenezwa Dorchester kwa mara ya kwanza mwaka 1968, ambayo watengenezaji wake walisema inaweza kukaa miaka 25. Alisoma kweli, na alichosoma ni kweli. Kitu ambacho maandishi hayo hayakumwambia, kwa sababu walioyaandika hawakuwa na haja ya kukisema, ni kwamba nyumba ya Dorchester ina chumba cha chini ya ardhi ambacho hukaa nyuzi 10 hadi 13 karibu mwaka mzima bila mtu kufanya chochote. Elimu ya kukomaza bia ilizaliwa ndani ya baridi hiyo. Tukiichukua elimu bila baridi yake na kuileta chini ya mabati ya Tororo, haitufai, inatudhuru. Swali la kwanza kwa mtu wa huku siyo "bia hii inakaa muda gani?" Swali ni "inakaa katika nyuzi ngapi?"

Kuna jambo la pili lililompoteza, na hili ni letu wenyewe. Tumelelewa na bia ya kreti. Uganda Breweries ipo Port Bell tangu 1946, Nile Breweries ipo Njeru tangu 1951, na vizazi vimekua vikiona kreti ikiwekwa popote: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, varandani. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Bia hizo huchujwa, hupitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, na zaidi ya yote hunywewa upesi. Kreti haimalizi wiki. Mtu akiichukua tabia hiyo kwa bia isiyochujwa wala kupashwa, iliyojaa hopsi, kisha akaiacha miezi, ameipa kazi isiyoiweza.

Chupa nyingine zilivyosema

Lager za kijani zilikuwa rahisi. Nilifungua moja na chumba kizima kikapata harufu ya kicheche. Kosa hapa ni mwanga. Miale ya jua, pamoja na vitamini B2 iliyomo ndani ya bia, huzivunja asidi chungu za hopsi, na kipande kinachovunjika kikikutana na salfa huzaa harufu hiyo. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya miale inayodhuru. Ya kijani na ile nyeupe huzuia kidogo sana. Mkebe huzuia yote. Kwenye jua kali kazi hiyo huchukua dakika, siyo wiki. Kabati la vioo mbele ya dirisha ni mahali pa glasi na picha za familia.

Bia ya rafiki wa Mbale sikuionja. Nilizivalia kitambaa kinene na miwani, nikazitoa nje moja moja, tukazifungua kwenye karai. Zilifoka hadi nusu. Chupa iliyofungwa kabla uchachukaji haujakwisha, au iliyotiwa sukari kwa kukadiria, huendelea kujaza gesi ndani, na joto huiharakisha hamira na kuipandisha presha. Sukari ya kutilia gesi hupimwa kwa mzani, gramu 6 au 7 kwa lita kwa bia ya kawaida, na hiyo ni baada ya kuhakikisha uchachukaji umesimama. Katika nyumba yenye watoto chupa kama hizo hazikai kabisa, na hilo nililisema kwa ukali niliokusudia.

Stauti ya Nairobi ilinipa kazi zaidi, na ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Kwa maandishi ilikuwa na kila sifa ya kukaa: alkoholi ya asilimia 10, kimea kilichokaangwa sana ambacho husaidia kupambana na oksijeni, na hamira hai ndani ya chupa ambayo nayo huila oksijeni mwanzoni. Nilipoimimina povu lilipanda kidogo likazama papo hapo. Kahawa na chokoleti vilikuwepo, lakini mbele yake palikuwa na ladha ya chumvichumvi, ya nyama, karibu na mchuzi wa soya. Hiyo ni hamira iliyokufa. Seli zake zinapochoka hupasuka na kumwaga vilivyomo, pamoja na kimeng'enya kinachokata protini zinazoshikilia povu. Katika nyuzi 12 kazi hiyo huenda polepole, na kwa kiasi kidogo inaongeza unene mzuri mdomoni. Katika nyuzi 30 huenda mbio, hivyo ladha ya soya hufika kabla ya ile ya tende na zabibu kavu kupata nafasi ya kujitokeza. Bia hii haikuwa imeharibika, na mimi ningeinywa tena. Ila ilikuwa imefika mwisho wa barabara.

Kuhusu kulazwa ubavu: mvinyo hulazwa ili gome la kizibo lisikauke. Chupa ya bia yenye kizibo cha bati haina gome la kulinda. Ikilazwa, mashapo ya hamira hujipaka ubavuni na ukimimina yanakuja yote kwenye glasi; na eneo la bia linalogusana na hewa ya shingoni linakuwa kubwa zaidi. Isimame wima. Hili halina mjadala mrefu.

Za Ubelgiji zilistahimili. Orval ina asilimia 6.2 tu, na mtu angeidhani dhaifu, lakini ndani yake mna hamira ya Brettanomyces ambayo huendelea kula sukari ambazo hamira ya kawaida inaziacha. Ya stooni ilikuwa kavu kuliko nilivyoizoea, gesi nyingi, hopsi zimepungua, na ile harufu ya ngozi na majani makavu imekuja mbele. Nzuri kabisa. Rochefort 10, yenye asilimia 11.3, ilikuwa imeruka hatua moja: tende, zabibu kavu, na ukali mtamu kidogo wa bia iliyoguswa na hewa. Chimay, asilimia 9, huandikwa mwaka wake kwenye lebo, kwa hiyo tuliweza kujua umri wake hasa, na ulimi uliipa umri mkubwa zaidi. Na hizi ndizo ambazo Mzee hakuwafungulia wakwe. Alizionea huruma, akatanguliza IPA.

Lile la friji na umeme

Mzee alikuwa na nadharia nyingine, na watu wengi wanayo, kwa hiyo naitolea nafasi. Siku za maandalizi ya sherehe friji ilijaa nyama, bia chache zilizokuwa humo zikatolewa nje, kisha baadhi zikarudishwa. Isitoshe Tororo ni mji wa radi, umeme hukatika mara kwa mara. Yeye aliamini kwamba bia ikipozwa, ikapata joto, ikapozwa tena, basi imekwisha.

Chupa tatu za nyuma ya sukuma wiki zilijibu. Zilipitia kila umeme uliokatika katika miezi ile, zikapanda na kushuka, na zilikuwa bora kuliko zote. Kupanda na kushuka peke yake hakuivunji bia. Kinachohesabika ni jumla ya muda iliokaa kwenye joto na ukubwa wa joto hilo. Saa nne bila umeme katika friji iliyofungwa na kujaa hupandisha nyuzi chache tu. Miezi minne chini ya mabati ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo asiogope kuitoa bia dukani ikiwa baridi na kuibeba mpaka nyumbani. Aogope buti la gari lililoegeshwa juani mpakani mchana kutwa.

Tuliloamua

Kabla ya kuamua tuliketi na mama yake Mzee, bibi wa Kiteso ambaye amepika ajoni, pombe ya wimbi, maisha yake yote, na ambaye alikuwa akitusikiliza kutoka kwenye mkeka wake. Aliuliza kwa nini tunahangaika kuweka pombe. Kwao, alisema, kinachowekwa ni unga. Na ni kweli: unga wa wimbi hukandwa, ukachachushwa, ukakaangwa juu ya bati pana hadi uive, ukaanikwa juani, na ukiwa mkavu hivyo unaweza kukaa miezi. Kimea cha wimbi nacho huwekwa kando. Wageni wakijulikana watakuja lini, vinaunganishwa na maji, na baada ya siku chache chungu kiko tayari, maji ya moto yanaongezwa na mirija inaingizwa. Pombe yenyewe haingojei. Maneno yake yalimwingia Mzee kuliko hesabu zangu za 3-30-300, nami nadhani yalistahili. IPA ni ndugu wa ajoni katika hili: hupikwa kwa ajili ya watu waliopo.

Kwa hiyo IPA na bia zote nyepesi zimetoka kwenye orodha ya kuwekwa. Atanunua chache kila mara, zikiwa zimetoka kwenye baridi, ataangalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipa, na zitaingia friji moja kwa moja.

Kwa zile za kukomaza tulitafuta mahali. Watu wa nchi za kaskazini huambiwa wachague chumba cha upande usiopata jua. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la Juni linapita kaskazini yetu, la Desemba linapita kusini, kwa hiyo hakuna upande wa nyumba ulio salama mwaka mzima, ila ukuta wa magharibi ndio mbaya daima kwa kuwa hupigwa jua wakati hewa nayo imekwisha kuchemka. Mahali pazuri ni ndani kabisa, ukuta usiogusana na nje, sakafuni juu ya saruji, chini ya dari. Katika nyumba hii ni ule ukumbi wa vyumba vya kulala. Nyuzi 23 hadi 25 zilizotulia ni nafuu kubwa kuliko 34, lakini nilimweleza wazi kwamba ukumbi ni mahali pa kupumzishia bia wiki kadhaa, hautoshi kuikomaza kwa miaka.

Alipendekeza mtungi wa udongo ndani ya mtungi mwingine, mchanga wenye maji katikati. Njia hiyo ni ya kweli, maji yakikauka huondoka na joto, na mahali pakavu penye upepo kama Moroto ningeijaribu kwa moyo wote. Tororo ina unyevu mwingi hewani, maji hayakauki haraka, na vizibo vya bati ndani ya unyevu huo hushika kutu.

Njia aliyoichukua ni friji ndogo ya mtumba iliyofungwa kidhibiti joto cha nje: unaichomeka friji kwenye kidhibiti, kihisio chake kinaingia ndani, unakiweka kwenye nyuzi 12, nacho kinaiwasha na kuizima. Nafasi iliyobaki tupu tuliijaza chupa za maji. Maji yakishapoa hushikilia baridi, na umeme ukikatika usiku mzima joto hupanda kidogo tu. Taa ya ndani tuliifungua tukaiondoa. Kila chupa ina kipande cha plasta chenye mwezi na mwaka wa kuingia, na alama ya zile zilizowahi kukaa stooni, ili mwakani akionja Chimay mbili za mwaka mmoja ajue ipi ilipitia joto.

Kwa asiye na uwezo wa friji ya pili nina ushauri mwingine, na nausema kwa dhati: mwenye ndugu Kabale awaombe pembe ya chumba. Mji ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, usiku wake ni wa blanketi mbili, na chumba cha matofali kisichopigwa jua huko kinakaribia kile ambacho Dorchester hupewa bure. Chupa zisafiri kwa basi la usiku.

Kiwanda cha Kampala hakikudaiwa pesa. Mzee alizungumza nao kwa simu, akawaambia kwamba maneno "weka kwenye baridi" kwenye lebo yao yameandikwa kwa herufi ndogo mno, na kwamba duka alikonunulia lilikuwa limezipanga katoni nje, juani. Yote mawili ni kweli na yote mawili wanaweza kuyarekebisha. Duka la bia ya kraft lisilo na chumba cha baridi halipaswi kupewa mzigo mkubwa. Wamekubali awe anachukua bia kiwandani kwao, moja kwa moja kutoka kwenye baridi, kila anapopita Kampala kwa kazi zake.

Zimebaki stauti za Nairobi, zaidi ya nusu katoni. Hizo nimemshauri asizirudishe kusubiri chochote. Harusi yenyewe ni Desemba. Zinywewe hapo, zikiwa nyuzi 12 hivi, zimesimama wima siku mbili kabla, zikimiminwa polepole ili mashapo yabaki chini. Na safari hii wakwe waanze na Rochefort.